Vifuniko Mia Tatu na Arobaini

Binti yangu Chinatsu alikuja kujifungulia kwetu, kama mabinti wa huku wanavyofanya. Alikuwa akae na mtoto mwezi mmoja, kisha arudi kwa mumewe Nagoya. Chumba cha kumpa kilikuwa kimoja tu, kile chenye ukubwa wa mikeka sita, na kabati la ukutani la chumba hicho lilikuwa limejaa rangi zangu.

Mimi naunda ndege za plastiki, zile ndogo za mfano, za kugundisha vipande. Hapa Shizuoka hilo halimshangazi mtu. Zinatengenezwa hapahapa, na kila mtaa una mzee wa namna yangu. Shule niliiacha nikiwa na miaka kumi na tano, nikaenda gereji kupulizia magari rangi, na kazi hiyo naifanya mpaka leo, nina hamsini na sita. Jioni nikirudi napaka ndege. Rangi ni za jamii ileile, ila chupa zake ni ndogo, za kioo, zinaenea kiganjani. Pua yangu ilikufa zamani. Samaki akioza mezani, mke wangu ndiye anayeniambia.

Mwezi wa sita, tumbo la Chinatsu likiwa kubwa tayari, mke wangu Sumie alisimama mbele ya kabati, mikono kiunoni.

"Baba Chinatsu, haya madude yatoke."

"Yaende wapi?"

"Bandani."

"Banda la bati? Mwezi wa nane, kwa joto la huku, vifuniko vitaruka kama bisi. Unataka niunguze mtaa?"

"Basi katupe."

"Labda nianze na wewe."

Alicheka, lakini hakubanduka. "Mtoto atalala hapa, mwanamume. Hapa chini, mkekani. Hebu fikiri."

Nilifikiri. Mtu asije akasema sikufikiri.

Chupa ya rangi iliyotumika miaka mingi huota uchafu shingoni. Rangi inakauka tabaka juu ya tabaka, mpaka kifuniko hakifunguki bila koleo. Kila muundaji anaulaani uchafu huo. Nikasema, kwa ajili ya mjukuu nitafanya kazi safi. Ilinichukua Jumapili tatu. Nilifungua chupa moja moja kwa koleo. Nikalowesha kitambaa kwa thina, ile dawa ya kulainishia rangi, nikasugua shingo mpaka kioo kikang'aa. Rangi iliyoanza kuwa nzito niliiongezea thina nikaikoroga, maana rangi nzito ukiihifadhi hivyohivyo imekufa. Vifuniko vingine vilikuwa na kiduara chembamba cha karatasi ndani, kimechakaa; nikakibandua nikatupa. Kisha nikakata kipande cha nailoni ya jikoni, ile ya kufunikia bakuli, nikakiweka mdomoni mwa chupa, nikakaza kifuniko juu yake mpaka kifundo cha mkono kikauma. Chupa mia tatu na arobaini. Kila moja niliipindua juu ya gazeti nikahesabu mpaka sitini. Halikudondoka tone.

Nikamwita Sumie aone.

"Tazama. Hata mbu hapiti."

"Mbu wa nini? Harufu je?"

"Wewe unaisikia?"

Akanusa huku na huku. "Nyumba hii inanuka wewe mwaka wa thelathini huu. Nitajuaje?"

Tukacheka wote wawili.

Mtoto alizaliwa mwishoni mwa mwezi wa nane, wa kiume, akaitwa Rikuo. Hospitali wauguzi walimpa jina la King'ora, kwa sababu akianza kulia wodi nzima inaamka. Siku ya sita tukamleta nyumbani. Joto la mwaka huo lilikuwa la kuua, lami ilikuwa inashika viatu. Tulifunga madirisha, tukateremsha mapazia, tukawasha kiyoyozi usiku na mchana. Upepo wa kiyoyozi ulikuwa unapiga upande wa dirisha, na Sumie hakutaka umpige mtoto. Kwa hiyo tulimlaza upande wa pili, kichwa karibu na mlango wa kabati. Ni mlango wa karatasi, wa kusukuma.

Jioni ya kwanza Chinatsu aliegemeza kichwa kwenye mlango huo, akafumba macho.

"Harufu ya nyumbani," akasema. "Harufu ya Baba."

Nilifurahi. Niseme ukweli, nilifurahi sana.

Siku ya tatu nyumbani mtoto akatulia. Majirani waliokuja na zawadi walikuwa wanachungulia na kunong'ona, halafu wanaona hakuna haja ya kunong'ona. "Mpole huyu! Wangu alinitoa roho miezi sita. Umebahatika, Chinatsu." Sumie akasema nyumba ya bibi imemkubali. Kunyonya ilibidi aamshwe. Ananyonya mara nne, tano, analala na maziwa yakiwa bado mdomoni. Chinatsu akawa anaumwa kichwa na kuona kizunguzungu akisimama. "Ni uzazi huo," Sumie akamwambia. "Mimi nilikuwa hivyohivyo na wewe." Walipompeleka kliniki kupimwa uzito, mtoto alilia njia nzima, kwenda na kurudi. Kurudi ndani, saa moja haikuisha, kimya. Tukasema hapendi gari.

Kila kitu tulikuwa na jibu lake.

Siku ya kumi na tisa, Jumamosi mchana, akaja Nezu. Ni rafiki yangu wa chama cha waundaji, aliyekuwa tarishi wa posta, mdomo wake haupumziki. Alileta mapeasi ya pongezi. Sumie alikuwa ametoka kwenda kununua samaki. Chinatsu na mtoto walikuwa wamelala chumbani.

"Yuko wapi mfalme?" Nezu akauliza.

"Amelala."

"Nilivyokuja wiki iliyopita alikuwa amelala. Mtoto au mto?"

"Mpumbavu wewe. Kunywa chai."

Alitaka kuona ndege moja ya zamani ya kutua majini niliyokuwa nimemwahidi. Maboksi ya ndege nayo yanakaa katika kabati lile, yamepangwa kutoka sakafuni mpaka juu, yanatazamana na rangi. Boksi lenyewe lilikuwa la chini kabisa. Niliingia kwa kunyata, nikasukuma mlango, nikalichomoa, nikatoka. Chinatsu hakugeuka.

Nezu akafungua boksi mezani, akaanza kupekua vipande. Akatoa kioo cha rubani, kile kipande kinachopitisha mwanga, akakiinua kwenye taa.

"We Makabe, umefungulia supaglu humu?"

"Kwa nini?"

"Kitazame."

Kioo kilikuwa cheupe. Kilikuwa kama dirisha lililopuliziwa pumzi wakati wa baridi, lakini nilipokifuta kwa kidole weupe haukutoka. Kila muundaji anakijua kitu hicho. Mvuke mkali ukikaa na plastiki ya kioo, unaila, unaacha ukungu usiofutika.

"Sijagundisha kitu humo," nikasema. "Nilifungua mara moja tu kuhesabu vipande."

"Basi rubani wako ana homa. Kapumua mpaka kioo kimelowa." Akacheka peke yake.

Nikarudi kabatini. Nilichukua boksi la juu kabisa, la katikati, na lililokuwa la pili kutoka chini. Nikayapanga mezani yote manne, nikatoa vioo vyake. Cha juu kilikuwa safi kama maji. Cha katikati kilikuwa safi, ila pembezoni kimeanza kufifia. Cha chini yake cheupe. Cha chini kabisa cheupe zaidi.

Nezu aliacha kucheka.

"Kabatini mna nini?"

"Rangi. Lakini nimezifunga upya, zote."

"Umezifunga kwa kitu gani?"

"Nailoni ya jikoni. Kila moja."

Akaweka kikombe chini. "Thina inaila ile nailoni, bwana. Inaila kama mate na sukari."

"Shingo nilizisafisha. Zinang'aa."

"Ulitoa na ule uchafu?"

"Wote."

"Makabe! Uchafu ndio uliokuwa unaziba!"

Mvuke wa thina ni mzito kuliko hewa. Hilo sikuhitaji kuambiwa na tarishi. Gereji kwetu mafeni ya kufyonza yako sakafuni, na kijana mpya akija mimi ndiye ninayemfundisha: mvuke unatembea chini kama maji, usilale chini, usiiname chini. Nilitazama yale maboksi manne nikaona maji yamefika wapi. Yalikuwa yamefika juu ya goti langu. Na kabati nilikuwa nimeliacha wazi.

Nilikimbia.

"Chinatsu! Amka!"

Alifumbua macho kama mlevi. "Baba... niache nilale."

Mtoto alikuwa amelala ubavu, kichwa hakifiki mkono mmoja kutoka kabatini. Nilimwinua. Shingo ikaanguka nyuma juu ya mkono wangu kama kitambaa kilicholowa. Midomo ilikuwa na rangi niliyoijua, maana rangi ndiyo kazi yangu, na haikuwa rangi ya midomo. Nezu alimkamata Chinatsu makwapani akamburuta kutoka mkekani, Chinatsu akimtukana. Tukatoka uani, kwenye fito za kuanikia nguo, juani.

Nikampiga mtoto nyayo kwa kidole. Kimya.

"Piga tena!"

"Ni kichanga huyu!"

"Piga, nakwambia!"

Nikapiga. Kifua kikavuta mara moja. Nikangoja. Sijui niliingoja kiasi gani ile ya pili. Ikaja. Nikapiga tena, kwa nguvu, na hapo akatoa sauti, ndogo, kama ya paka aliyezaliwa leo. Chinatsu, aliyekuwa amepiga magoti kwenye changarawe, akaanza kutapika.

Sumie akaingia getini na kikapu. Hakuuliza. Aliweka kikapu chini akapiga simu ya gari la wagonjwa, akataja mtaa na namba ya nyumba.

Daktari alikuwa mwanamke kijana. Aliniuliza mtoto alilala chumba kile siku ngapi.

"Kumi na tisa."

"Saa ngapi kwa siku?"

"Zote."

Akaandika. Akauliza ndani ya chupa mna nini, nikamtajia moja baada ya nyingine, maana majina hayo nimeyasoma kwenye madebe maisha yangu yote. Akauliza ilikuwaje chupa nyingi hivyo zivuje kwa pamoja. Nikamweleza kitambaa, thina niliyoongeza, nailoni. Watu wa manispaa, waliokwenda kuziondoa wakiwa wamevaa vinyago, walikuwa wameshanipigia simu. Walifungua chupa kadhaa. Nailoni hawakuikuta, walikuta duara la utelezi tu.

Chinatsu alikuwa kitandani na mrija mkononi, anasikiliza.

"Kwa hiyo ulifanya kwa ajili yetu," akasema.

"Ndiyo."

"Na unajua kwamba mvuke unatambaa chini."

"Najua miaka arobaini."

Hakulia. Alinitazama kama mtu anayetafuta jina la mtu aliyemsahau, kisha akageukia ukuta.

"Anapumua mwenyewe," daktari akasema. "Hilo ni la leo. Ubongo wa kichanga hausemi haraka. Watoto wengi hukaza shingo wakifika miezi mitatu. Hapo ndipo tutaanza kujua."

Mkwe wetu alifika jioni ile kwa treni. Alimwinamia Sumie kumsalimu. Mimi alinipita. Siku nne baadaye walimchukua mtoto Nagoya, na kutoka nyumbani kwetu hawakubeba kitu, hata nepi.

Kila jioni Sumie anampigia Chinatsu simu. Mimi nakaa pembeni, siombi kuongea. Nasikia upande wa Sumie peke yake. "Eh. Eh. Amekula? Na leo je, shingo, ukimwinua?"

Jana Rikuo alitimiza miezi mitatu na siku tisa. Sumie alikata simu, akaiweka mezani kifudifudi.

"Bado," akasema, akaenda kuosha mchele.