Uyoga Uliokunywa Mafuta

Kule maabara walimwita Bi Chupa, maana kwa miaka tisa kazi yake ilikuwa kukuza uyoga wa dawa ndani ya chupa. Si uyoga wenye kofia na mguu. Huu ulikuwa nyuzi tupu, zikiogelea kwenye maji ya sukari juu ya mashine ya kutikisa iliyopiga kelele kama kitanda cha maharusi. Siku ya saba nyuzi zilikuwa zimejiviringa kuwa vidonge vyeupe. Alizichuja, akazikausha, kisha akatoa humo polisakaridi, ile minyororo mirefu ya sukari ambayo ndiyo watengenezaji dawa waliyoitaka.

Shida, uyoga wenyewe ulikuwa mvivu. Na Mkurugenzi, mtu wa kitambi cha heshima, alikuwa ameshaiahidi bodi kwamba mavuno yangepanda mara tatu. Yangepandaje, hakusema. Kila asubuhi aliingia, akaziinamia chupa na kuzihutubia: "Tujitume, jamani, tujitume!" Chupa zilimsikiliza kwa adabu kuliko wafanyakazi.

Wiki moja dawa ya kuzuia povu ikawa inakwisha. Bila dawa hiyo, povu hupanda hadi likalowesha pamba iliyoziba mdomo wa chupa, na vijidudu vikapata mlango. Bi Chupa akaandika barua ya kuomba nyingine. Barua ikaenda kulala ofisini kwa Mkurugenzi.

Jioni hiyo nyumbani akamwona mama mkwe wake, mfamasia mstaafu, akidondosha mafuta ya alizeti kwenye sufuria iliyokuwa inataka kufoka. Povu likanywea palepale.

"Mama, nigawie hayo mafuta kidogo."

"Ya kupaka au ya kula?"

"Ya kulisha uyoga."

"Haya. Mwanangu alisema ameoa msomi, hakusema msomi wa nini."

Kesho yake akaandaa chupa kumi na mbili. Sita akazitilia mabaki ya dawa ya povu, sita akazitilia matone ya mafuta. Akazichemsha zote kuua vijidudu, akapanda mbegu ya uyoga, akawasha mashine.

Siku ya saba, chupa za mafuta zilikuwa nzito kama uji. Akachuja, akakausha, akapima. Mara tatu ya zile za dawa! Alipiga ukelele hadi Mkurugenzi akaja mbio, kitambi kikitangulia. Akaisoma namba, akaiandika kiganjani, akatoweka nayo kabla Bi Chupa hajafumbua mdomo.

Mama mkwe alipohadithiwa, hakupiga hata kofi moja.

"Umepima uyoga, au umepima mafuta?"

Bi Chupa akafungua daftari lake, akaisoma namba upya.

"Hizo nyuzi zimelowa kama kitambaa cha jikoni," mama akaendelea. "Zikamue mafuta, ndiyo upime."

Akarudia kazi yote upya, wiki nzima, safari hii akiosha nyuzi mpaka mafuta yakaisha. Uyoga ulikuwa umeongezeka kweli, na polisakaridi pia. Lakini mara moja na nusu, basi. Akaenda kwa Mkurugenzi.

"Mkuu, ile namba si tatu. Ni moja na nusu."

"Hiyo iliyobaki itajitokeza."

"Haijitokezi, mkuu. Yalikuwa mafuta."

"Wewe mama una roho ndogo sana."

Siku ya bodi, Mkurugenzi akasimamisha chati yenye mshale ulioelekea darini. "Mara tatu!" akanguruma. Mwenyekiti, mama mmoja wa miwani minene, akauliza taratibu, "Nani alipima?"

Macho yote yakamgeukia Bi Chupa, aliyekuwa mlangoni na trei ya chupa za maonyesho. Akaiweka trei mezani.

"Mimi. Na mara tatu ni pamoja na mafuta. Uyoga wenyewe ni mara moja na nusu."

"Mafuta gani?"

"Ya alizeti. Ya jikoni kwa mama mkwe."

Mjumbe mmoja akapaliwa na maji. Mkurugenzi akarukia, "Hiyo ni istilahi ya kitaalamu!"

"Kaa, bwana," Mwenyekiti akasema. "Mwaka wa tatu huu unaniletea mishale. Leo ndiyo kwanza naletewa uyoga."

Bodi ikaamua utafiti uendelee, na namba yoyote isitoke maabara bila saini ya Bi Chupa. Mkurugenzi akanuna. Wiki mbili alipita koridoni kama mtu aliyemeza fimbo, salamu hakuna.

Wiki ya tatu ripoti ikatakiwa. Akaja mwenyewe hadi kwenye meza ya mizani, karatasi mkononi, akakohoa.

"Bibie, hapa mimi nasaini wapi?"

Bi Chupa hakuinua macho kutoka kwenye mizani.

"Chini yangu, mkuu."

Akasaini.