Mlango wa Toleo la Sita

1.
Siku ya singo ya Mwanakheri, simu zote zilikusanywa ndani ya beseni. Bibi harusi anasuguliwa liwa, anacheza. Mwanamume haingii, wala jicho lake. Mimi tu, Mishi, binti wa mjomba wake, mwenye diploma ya mitandao, niliruhusiwa kamera.

2.
Video nikaiweka kwenye seva yangu, kikompyuta kilicho juu ya kabati la vyombo, hapa Tanga. Dada yake Mwanakheri, Saumu, yuko kazini Muskati. Harusi ilimpita.

3.
SAUMU, kwa ujumbe wa sauti:
"Haifunguki, Mishi. Mtaalamu gani wewe?"

4.
Toleo la nne la anwani za mtandao: namba moja, mtaa mzima tunagawana. Aliye nje hana pa kubisha.
Toleo la sita: kila kifaa na namba yake. Ila ruta ya intaneti inazuia wageni.
Nikaiambia isizuie.
Televisheni ya Saumu ikakataa nywila.
Nikaitoa nywila.

5.
Anwani nikaituma kwenye kundi letu la singo. Watu ishirini na wawili.

Wanawake.

6.
Mama mkwe wa Mwanakheri yumo kundini, ila hajui kusoma. Husomewa ujumbe na mwanawe Hemedi, shemeji wa bibi harusi. Nilijua. Sote tunajua. Nilikuwa na furaha tu kwamba imefunguka, na

7.
MWANAKHERI, mlangoni, hakuingia:
"Uliniambia, jiachie dada, tuko peke yetu."

Nilipiga magoti. Nilimwomba radhi yeye. Tangu hapo napita nyuma ya nyumba, nisikutane na uso wa

8.
WITO WA KIKAO CHA FAMILIA
Mishi afike Ijumaa baada ya Alasiri. Atamwomba radhi Bwana Hemedi, kwa maandishi, kwa kumwekea mbele ya macho jambo lisilomhalalikia. Asipofanya hivyo, ndoa itazungumzwa upya.

9.
KUMBUKUMBU ZA SEVA
Kifaa: Simu ya Hemedi
Jumanne, saa nne asubuhi: amefungua
Dakika ya 41: amerudisha nyuma
Dakika ya 41: amerudisha nyuma
Dakika ya 41:
Jumatano: amefungua
Alhamisi: amefungua

10.
Ijumaa. Hemedi ameinamisha macho, utadhani yeye ndiye mwari.

SHANGAZI PILI, mama wa bibi harusi, sikioni mwangu:
"Neno moja tu, mwanangu, yaishe. Ndoa ya mwenzio hiyo."

Nina karatasi mbili. Barua ya radhi naichana. Ya pili, ya kumbukumbu za seva, nampa Mwanakheri. Anasoma. Anaikunja mara nne, anaifumbata.

Aibu yangu ninayo, na nitaishi nayo.

Shemeji Hemedi, sikuombi radhi.