Vidole vya Wifi

Manjano hayana siri: ukiyashika asubuhi, hadi kesho yake yanakusengenya kuchani. Kucha za Roda zilikuwa zikimsengenya tangu juzi, alipolizamisha shuka la marehemu mama mkwe wake katika sufuria la kupikia makande, lenye maji ya manjano. Lilikuwa shuka jeupe lililodariziwa kwa mkono, ila miaka ya sandukuni ilikuwa imelitia madoa ya kutu ambayo sabuni zote za pale kijijini Itaka ziliyapa shikamoo zikapita.

Kesho ilikuwa sendofu, sherehe ya kumuaga bintiye, Dina, kabla ya ndoa. Roda alitaka mtoto aingie ukumbini amejitanda shuka la bibi yake. Naye Ketrina, dada wa mumewe, muuza vitenge wa Tunduma, alikuja na chake: kitenge kipya cha ng'ambo ya mpaka, kingali na karatasi yake.

"Wifi, hilo shuka umelichemsha au umeliunga?" Ketrina aliuliza, akisugua masufuria uani kwa sabuni ya mche. "Maana naona limebakiza nazi tu."

"Nazi utaleta wewe wa mjini."

"Mimi nitaleta mchele. Bibi harusi akinyeshewa, tunamkamulia sahanini."

Roda alicheka, kicheko cha mwenye jino bovu. Alikijua kilicholala chini ya utani ule. Aliyelidarizi shuka ndiye aliyemzaa Ketrina. Lakini siku zake zilipokaribia ukingoni, alimwita mkamwana akamkabidhi shuka, hakumwita binti. Kwa miaka kumi na moja Ketrina hakuwahi kuliulizia. Wengine wakilitaja, yeye hulicheka.

Roda alilianika barazani, kivulini, kwa kuwa jua hula manjano kama mbuzi alavyo mihogo ya jirani. Kisha akaenda kuteka maji.

Aliporudi, ndoo nusura imponyoke. Juu ya maua ya darizi palikuwa na vidole vitano vyekundu, kama vya mtu aliyetoka kukandika nyumba. Hakuhitaji mganga. Manjano yakiguswa na sabuni hugeuka mekundu palepale, na mwenye mikono ya sabuni pale uani alikuwa mmoja.

"Wifi, umeligusa?"

"Mimi? Pilau lako niligusie nini?" Ketrina alizamisha mikono yote miwili beseni.

Roda aliingia jikoni akatoka na limau. Matone mawili matatu, na njano ingerudi. Maneno nayo alikuwa nayo, yamenolewa kwa miaka kumi na moja, yanangoja shingo. Akalisogelea doa.

Mkono ule haukuvuta wala kufinya. Ulikuwa umelala bapa, kisha kidole kimoja kikaufuata uzi, jani hadi jani, wekundu ukififia kadiri kilivyokwenda, mpaka kwenye pindo, pale marehemu alipodarizi herufi ya kwanza ya jina lake mwenyewe. Hapo kilikuwa kimezunguka mara nyingi.

Nyuma yake masufuria yalikuwa yamenyamaza.

"Sasa Dina ataingia na nini?" Ketrina aliuliza bila kugeuka.

"Na hilihili." Roda aliliweka limau dirishani, zima. "Njoo ushike ncha ile, tulikunje."

"Mikono yangu ina sabuni, wifi."

"Najua," alisema Roda, akashika ncha yake, akamngoja.