Mahali pa Ghumur

Kila jioni ya kipupwe Asalama alichimba mashimo mawili ndani ya hema lake la ngozi za mbuzi: moja lake, moja la mwanawe Ghumur. Alitia makaa, akayafukia mchanga, akatandika mkeka juu yake. Bila hivyo milima ya Air, katikati ya jangwa, hailaliki, maana baridi ya huko haina adabu hata kidogo. Tatizo ni kwamba Ghumur mwenyewe hakuwepo. Alikwenda machimbo ya dhahabu ya kaskazini tangu mvua zilizopita.

"Huo mchanga unampashia nani?" Raisha wa hema la jirani alimchokoza. Huyu alikuwa binti wa mjomba wake, na kwao mabinamu hutaniana hata msibani. "Kuni zote za bondeni umezimaliza wewe. Au umepata bwana?"

"Ninaye! Tena si kama wako, anayelia magoti akiinuka."

"Heri wangu, analia lakini yupo!"

Wakacheka mpaka mbuzi wakashtuka. Asalama hakukasirika. Ghumur alikuwa mtu wa kutokea tu bila taarifa, na mama gani atakubali mwanawe atoke jangwani aje alalie mchanga wa baridi?

Jioni moja akatokea Khamudan, rafiki aliyeondoka na Ghumur. Alikuja kwa miguu, peke yake, vumbi tupu.

"Hamjambo humu? Baridi je? Mifugo?"

"Kheri tu. Na huko mtokako?"

"Kheri tu, mama."

Ndivyo watu hujibu, hata nyumba ikiwa inaungua. Asalama akampa uji wa uwele na maziwa. Akanywa mafunda mawili, akaweka bakuli chini.

"Umechoka, baba. Lala hapo pa mwenzio, pana moto tayari. Akifika mtabanana kama zamani."

Khamudan aliutazama ule mkeka. Akachukua blanketi lake, akatoka, akajilaza nje kwenye mchanga mtupu, upepo ukimpiga.

"We Khamudan! Una wazimu? Utakufa na baridi!"

Kijana akajifunika uso kwa kilemba. Mabega yakaanza kutikisika. Hapo Asalama akajua.

"Sema," alinong'ona.

"Gari liliharibika jangwani, mama. Kule hakuna kuni, hata kijiti. Alitetemeka mno. Akaniambia, nifukie mchanga kama mama anavyotufanyia. Nikamfukia mpaka kifuani. Nilimfukia vizuri, mama, wallahi. Lakini mchanga wenyewe ulikuwa wa baridi."

Yowe alilopiga Asalama lilimleta Raisha mbio, kichwa wazi. Walilia pamoja mpaka sauti zikakauka. Kisha Asalama alitoka nje, akamshika Khamudan mkono, akamwingiza ndani na kumlaza pale pa Ghumur, akamfunika yeye mwenyewe.

"Hukukosea kitu, mwanangu," alimwambia, ingawa moyo wake ulikuwa umepasuka vipande vipande.

Kesho yake Khamudan akaenda kwa mama yake. Jioni Raisha alikuja na mzigo wa kuni kichwani, akautua mlangoni.

"Nitanie," Asalama alimwomba. "Niulize nampashia nani."

Raisha akaokota kuni chache. Akaingia ndani, akapiga magoti, akaanza kuchimba shimo la pili.