Aliyefundishwa Kukauka

Nyundo ya kwanza ilipogonga ukuta, Bi Kimya alikuwa amekaa sebuleni kwake, ndani ya tofali la tatu kutoka sakafuni, anachambua nyuzi. Alifanya anachofanya kila Mnukta wa Ukutani akisikia mshindo. Alikauka. Mkono ulioshika uzi ukabaki hewani, jicho halikupepesa, pumzi akawa anaivuta kwa kuiba. Nyundo ya pili ikamwaga vumbi kichwani mwake. Ya tatu ndiyo iliyomkumbusha mjukuu wake, Sisimizi.

Mtoto alikuwa chumba cha mwisho, ng'ambo ya ufa. Na aliyempeleka huko ni yeye mwenyewe, bibi yake.

Tuelewane kwanza kuhusu Wanukta, maana watu wanapenda kuwafunga wote furushi moja. Hata mrefu wao hafiki kidole cha kati cha mtu mzima, hilo ni kweli, lakini anayedhani ufupi umewafanya wafanane amepotea njia mchana kweupe. Wa Bombani wananuka ukungu, na wakitishika wanazama. Wa Kabatini wamelala kwenye nguo za Warefu, yaani binadamu, miaka mingi hata wanajiona ndugu zao. Wanajifanya kukohoa kama wao, wananywea kwenye subana, ile kofia ya kidole ya kushonea, na kuiita bilauri, na wakitishika wanajikunja wakawa kama vifungo. Wa Darini ni makelele matupu. Wakitishika wanakimbia huku wanapiga mayowe, kila mmoja amshtue mwenzake. Wa Ukutani wanakauka, na kwa sababu hiyo wanawadharau wengine wote.

Mtoto wa Ukutani anafundishwa kukauka kabla hajajua kuoga mwenyewe. Mzee anamsimamisha mahali na kumwambia: ukisikia mshindo, kauka, ukiitwa, usiitike, hata nikikuita mimi, hata mama yako akikuita, kwa sababu anayeitika anaonyesha nyumba ilipo. Hafunguki mpaka mzee yule yule amfikie kwa miguu yake na kumpulizia kisogoni. Bi Kimya alikuwa bingwa wa kukauka ukuta mzima, na jina lake hakupewa bure. Mjukuu alikuwa na miaka sita tu na tayari alikuwa anamkaribia. Bibi mtu alikuwa anamkazania kupita kiasi, na sababu yake haikuwa siri: mama wa mtoto alitoka Darini. Ndoa ile Bi Kimya alikuwa hajaimeza hata siku moja. Aliogopa damu ya makelele isije ikaamka ndani ya mtoto.

Ndiyo maana asubuhi ile, baba wa mtoto akiwa safarini kwa watu wa Bombani kufuata maji, alimshika Sisimizi mkono, akamvusha ufa, akamsimamisha chumba cha mwisho karibu na kisanduku cha swichi ya taa.

"Leo nitachelewa makusudi," alimwambia. "Tuone kama wewe ni wetu."

"Mimi ni wenu, Bibi," mtoto akasema, akakauka papo hapo, hata kabla ya mshindo, ili ampendeze.

Wa Kabatini walikuwa wamesema. Juzi tu walipita wakitangaza kwamba mshonaji, yule Mrefu mwenye karakana, ameita fundi mwashi aje azibe ufa ulio nyuma ya meza ya kukatia vitambaa. Lakini wa Kabatini ndio waliowahi kusema kwamba mshonaji atawashonea Wanukta wote suti za harusi. Nani angewatia maanani? Ukuta mzima uliwacheka.

Sasa fundi alikuwa amepiga magoti pale pale, anachokonoa ufa kwa tindo na nyundo, na kila pigo lilikuwa linabomoa kipande cha njia. Bi Kimya alijikokota hadi kizingitini akachungulia. Njia ya kwenda chumba cha mwisho haikuwepo tena. Palikuwa na mwanga mkali wa mchana, vumbi, na goti la suruali ya fundi, kubwa kama kilima. Kando ya goti kulikuwa na karai, na ndani ya karai saruji mbichi ilikuwa inangoja.

Mama Sisimizi akaja mbio kutoka jikoni, tumbo lake la miezi minane mbele.

"Mama, mtoto yuko wapi?"

Bi Kimya alionyesha kwa kidole.

"Sisimizi!" Mama mtu akapiga ukelele ambao ungewaaibisha wakwe wote. "Sisimizi! Toka kwa nyuma! Pandia kwenye waya! Mwanangu, niitikie!"

Fundi akasimamisha nyundo. "Mama mwenye nyumba," akasema, sauti yake ikatikisa tofali, "humu ndani una panya."

"Usiniambie," mshonaji akajibu kutoka kwenye cherehani yake. "Ziba basi haraka."

Ng'ambo hapakutoka jibu. Mama Sisimizi akaita tena, akatega sikio, na uso wake ukaanza kuharibika.

"Amekufa," akanong'ona. "Ameangukiwa na tofali."

"Hajafa," Bi Kimya akasema. Alijua, na kujua kwake kulimtia hofu kuliko kutojua. "Anakusikia vizuri. Haitiki kwa sababu nimemkataza."

Mkwe wake akamtazama. Sitasema alivyomtazama. Halafu akamshika mkono mama mkwe wake, kitu ambacho hajawahi kuthubutu, akamvuta kuelekea juu.

Walipanda ndani ya matofali mpaka darini, mama mtu akihema, bibi mtu akijikwaa. Darini ndugu wawili wa Mama Sisimizi walikuwa tayari wanakimbia huku na huko, maana habari za wa Darini hazihitaji miguu. Pale juu ndipo linapoanzia bomba la plastiki linaloteremka na nyaya mpaka kwenye kisanduku cha swichi. Kisanduku kile kina tundu ubavuni, na tundu linatokea chumba cha mwisho. Wa Darini hulipanda na kulishuka bomba lile kama ngazi ya nyumbani. Lakini Mama Sisimizi na tumbo lake asingepita, na kaka zake walikuwa na mabega ya watu wa kubeba mizigo. Mwembamba alikuwa mmoja tu, mzee kuliko wote, na hajawahi kuteremka mahali parefu tangu azaliwe.

Bi Kimya aliinama kwenye mdomo wa bomba. Giza. Harufu ya plastiki yenye moto kidogo. Chini kabisa, mlio wa mwiko ukipiga saruji ukutani: pwa, pwa, pwa. Fundi alikuwa ameanza kuziba.

Hapo Bi Kimya akavunja sheria aliyoishi nayo maisha yake yote. Akaweka mdomo kwenye bomba akaita.

"Sisimizi! Ni mimi Bibi! Itika, mjukuu wangu! Nakuruhusu, itika!" Sauti haikuizoea kazi hiyo, ikakatika, na alipojaribu tena ikatoka na kilio. "Itika, nakuomba! Nenda kwenye tundu!"

Pwa, pwa. Hakuna kingine.

Wakamfunga uzi mnene wa kushonea jinzi kiunoni, na wajomba wa mtoto wakaushika.

"Mama, mimi nitamchelewesha yule fundi," Mama Sisimizi akasema. "Kuna kazi moja watu wetu tunaijua."

Akaanza kukimbia juu ya mbao za dari, tumbo na vyote, akipiga visigino na kupiga mayowe. Bi Kimya alisikia mwiko ukinyamaza. Akasikia fundi akisema, "Sikiliza! Huyo si panya, huyo ni paka!" Mwanamke ambaye yeye alimdharau miaka saba alikuwa anamnunulia muda kwa yale makelele yaliyomkera kila siku. Bi Kimya akajikaza kisabuni, akaingiza miguu.

Alishuka akiwa amebanwa na nyaya tatu, shavu likisugua plastiki. Waya mmoja ulikuwa unavuma chini kwa chini na kila alipougusa nywele zilimsimama. Alitaka kukauka. Mwili mzima ulikuwa unamwomba akauke, kwa sababu hivyo ndivyo ulivyofunzwa kufanya penye hofu, na mara mbili miguu ilisimama yenyewe katikati ya bomba na ikabidi aipige kwa ngumi. Akafikiri: nikikauka hapa tutakufa wawili, na hakuna atakayetusifu.

Alipotokea kwenye kisanduku, mwiko ulikuwa umeanza tena.

Chumba cha mwisho kilikuwa kimepungua nusu. Saruji ilikuwa inaingia kupitia ufa, nzito, ya kijivu, kila pigo la mwiko likiisukuma ndani. Katikati alisimama Sisimizi, mikono ubavuni, kidevu juu, kama alivyowekwa. Saruji ilikuwa imemfika kifuani. Macho yalikuwa wazi na vumbi limetua juu yake, na hakuwa amepepesa kulitoa.

Bi Kimya hakuwahi kuona mtu aliyekauka vizuri hivyo.

Akavuka kwa tumbo, akamfikia, akampulizia kisogoni. Hakuna. Akampulizia tena, kwa nguvu, mpaka vinywele vikalala. Hakuna. Akaweka sikio mdomoni mwake na hakujua kama anachosikia ni pumzi au ni mwiko. Alichimba kwa vidole, akachimba kwa kiwiko, saruji ikimla kucha, na kila alipotoa kiganja kimoja fundi alirudisha viwili. Mwanga wa ufa ukawa mstari. Ukawa uzi. Kisha ukazimika, wakabaki gizani, na nje fundi akawa analainisha ukuta wake taratibu, anapiga mluzi.

Alimng'oa gizani kama mtu anavyong'oa mzizi, kwa mtikisiko na machozi. Kiatu kimoja kikabaki humo. Akamfunga mgongoni kwa shali, akatambaa mpaka kwenye tundu, akavuta uzi mara tatu. Wajomba wakavuta. Njia nzima mtoto hakusogea, na ubaridi wake ulipita kwenye nguo za bibi ukaingia mpaka kwenye mifupa.

Darini wakamlaza kwenye ubao. Mama yake akaacha kukimbia, akamwangukia, akamfuta saruji puani na mdomoni kwa upindo wa gauni, akamzaba kibao, akamwita kwa majina yote aliyowahi kumwita. Bi Kimya alikaa kando, mikono inachuruzika damu. Alikuwa anasema kitu kimoja tu bila kujua kama anasema kwa sauti: nimemuua, nimemuua, nimemuua.

Sisimizi akakohoa.

Akakohoa tena, akatema kijivu, akavuta pumzi ndefu yenye mkwaruzo. Macho yakapepesa. Mama yake akapiga yowe ambalo, nadhani, fundi alilisikia akiwa tayari ananawa mikono. Mtoto akageuza kichwa, akamtafuta bibi yake, akampata.

"Bibi," akasema kwa sauti ya kukwama, "nimeweza?"

Bi Kimya akaficha mikono yake yenye damu kwenye shali.

"Sikuitika. Mama aliniita sana, sikuitika. Halafu kuna mtu akajifanya wewe." Mtoto akatabasamu kidogo, midomo imepasuka, fahari imemjaa. "Aliniita kule kwenye bomba, analia, anasema ananiomba. Mimi nikajua hapo hapo ni mwongo. Wewe huwa hulii."

Mama Sisimizi akainua macho. Wajomba wakaacha kukunja uzi. Chini, mshonaji alikuwa amerudi kwenye cherehani yake na kazi inaendelea kama kawaida.

Bi Kimya akamsogelea mjukuu wake, akamweka kichwa mapajani, akalia. Hakuficha uso wala hakujizuia. Alilia kwa sauti, mbele ya wakwe zake wa Darini, na aliendelea makusudi kwa muda mrefu, ili mtoto aisikie sauti ile vizuri na aijue siku nyingine.