Kibao cha Maombi kwenye Duka la Hempu

Jumanne, tarehe 11 Machi 2025. Asubuhi ukungu mzito ulilala juu ya mashamba yetu hapa Kentucky, na kioo cha gari langu kilishika barafu nyembamba niliyoikwangua kwa kadi ya maktaba. Nilisali huku nikikwangua, kwa sababu jioni ile kaunti ingeamua kama duka langu libaki au lifungwe.

Ninauza bidhaa za hempu, mmea ulio ndugu wa bangi lakini usiolevya: mafuta ya kuchua viungo, matone ya kuweka chini ya ulimi, sabuni. Mmea wenyewe anaulima kaka yangu Harlan, katika shamba lilelile ambalo baba yetu alilima tumbaku. Sheria ya nchi inaruhusu, kibali kimetundikwa ukutani, na mtu ambaye hajafikisha umri simuuzii hata sabuni. Lakini wakati wa baridi kaunti yetu ilitunga kanuni yake: duka la hempu lisiwe karibu na mahali pa ibada. Niliisoma nikashukuru, maana kanisa letu liko mbali, ng'ambo ya mto.

Nilikisahau kibao changu. Mtambo wa kupasha joto kanisani ulipoharibika, wanawake wa maombi ya Jumatano walihamia dukani kwangu. Tulipanga viti katikati ya rafu, na mimi mwenyewe nikaandika kibao na kukiweka dirishani: Maombi kila Jumatano jioni, karibuni wote. Mkaguzi wa kaunti alipita akakipiga picha. Kwa maelezo yake, duka langu haliko karibu na mahali pa ibada. Duka langu ndilo mahali pa ibada.

Jioni ukumbi wa kaunti ulijaa. Kikao kilifunguliwa kwa sala, kama kawaida yetu hapa Kentucky. Tulisimama wote, wenye kofia wakazivua. Kisha mwenyekiti, Lowell Gentry, ambaye nilisoma naye shule ya msingi, akaniita mbele.

"Verna, mimi sina ugomvi na wewe," alisema.

"Basi tuagane, Lowell, niende nikapike."

Watu walicheka, na yeye akatabasamu kidogo.

"Nisikilize. Jambo hili tunaweza kulimaliza sasa hivi. Wewe tuambie tu kwamba pale hapana ibada. Ni akina mama wanakunywa kahawa na kupiga umbea. Sema hivyo, iandikwe, na duka lako lipo."

Lowell hakuwa na ubaya, alitaka kunisaidia. Rafiki zangu walikuwa wakiniashiria kwa kichwa niseme. Harlan alikuwa ameinama, mikono magotini. Miche yake imeshaota kitaluni, na mnunuzi wake ni mimi. Nikakumbuka maombi yetu ya Jumatano iliyopita, Mama Opaline alivyomlilia mwanawe mgonjwa, mikono yetu ikiwa mabegani pake, chupa zangu zikimzunguka pande zote.

"Siwezi, Lowell," nikasema. "Tunaomba pale. Tunaomba kweli."

"Verna, nakufungulia mlango."

"Nimeuona. Lakini nikipita hapo nitakuwa nimemkana Mungu ili niuze sabuni."

"Nani kakwambia umkane Mungu? Mimi nimesema kahawa."

"Kahawa yake mbaya," alisema Mama Opaline kutoka nyuma. "Hakuna mtu mwenye akili anayekwenda pale kwa ajili ya kahawa."

Mama Opaline ndiye mpiga kinanda wetu kanisani, na bila mafuta yangu ya kuchua vidole vyake havikunjuki. Aliinuka akiegemea fimbo.

"Na wewe mwanangu Lowell, ulipofumba macho pale mwanzo, ulikuwa unafanya nini? Unasinzia?"

"Nilikuwa nasali, Mama Opaline."

"Kila kikao?"

"Kila kikao."

"Basi hapa napo ni mahali pa ibada. Na hicho kituo cha petroli hapo mlango wa pili kinauza peremende za hempu palepale kaunta, na mwenye nacho hatujawahi kumwona sura. Mkaguzi, kile hukukipiga picha? Au kamera iliisha chaji?"

Ukumbi mzima ulicheka. Nilidhani tumeshinda. Lowell akagonga meza, akanong'ona na wajumbe, na alipoinua uso tabasamu lilikuwa limekwisha.

"Kituo cha petroli kitajadiliwa siku yake," alisema. "Leo ni duka la Verna. Kufikia kesho jioni, ama kibao kishuke ama hempu itoke kwenye rafu. Mkaguzi atakuja kuhakikisha, na asipotiiwa atafunga duka."

"Kesho ni Jumatano," nikasema.

"Nazijua siku, Verna."

Sikurudi kwenye kiti changu. Nilimpa Lowell mgongo, nikawatazama watu waliojaa ukumbini. Harlan alikuwa ameinua kichwa. Mama Opaline alikuwa bado amesimama.

"Ninyi nyote mliomo humu ni mashahidi wangu," nikasema. "Naahidi mbele yenu na mbele za Mungu: kesho sishushi kibao, wala siondoi chupa hata moja. Mkaguzi akija atatukuta tumepiga magoti. Atasubiri tuseme amina, kisha kama ni kufunga, afunge tukiwa tunamtazama."