Ndoo ya Mwasumini

Fundi Abdulhamid aliamka na hasira, na hasira yenyewe ilikuwa ya ua. Mtu mzima, fundi bati wa mtaa wa Gerezani miaka thelathini, ananunia ua! Lakini halikuwa ua la hivi hivi. Ulikuwa mwasumini wa marehemu mama mkwe wake, na ulikuwa unakufa.

Nyumba ya bibi huyo pale Kariakoo warithi waliiuza, ikavunjwa, sasa panapanda ghorofa. Ummy, mkewe Abdulhamid, hakuambulia hata mlango. Aliwahi tawi moja tu la mwasumini, na ndoo ya bati ambamo mama yake alikuwa ameupanda, kuukuu, ina matundu matatu chini. Walipohamia chumba cha kupanga Buguruni, alimkabidhi mumewe ile ndoo.

"Baba Nasma, ikwangue kutu, uipake rangi. Basi. Mbwembwe zako sizitaki."

Akaikwangua, akaipaka kijani, akaizungushia mkanda wa bati aliokata kwenye debe la mafuta ya kupikia. Na matundu? Aliyaziba kwa lehemu, wala hakufikiri mara mbili. Chombo kitoke mikononi mwa Abdulhamid kinavuja? Thubutu!

Wiki ya tatu baada ya tawi kupandwa humo, majani yakaanza kuwa manjano. Ummy akazidisha maji. Yakadondoka. Akazidisha tena. Abdulhamid akalaumu udongo, akabeba mwingine kiroba kizima. Akalaumu jua, akahamisha ndoo. Mwisho akamlaumu jirani, Mama Matilda, aliyeusifia mmea bila kusema mashaallah. Wapi! Majani yaliendelea kudondoka.

Asubuhi hiyo Ummy hakulalamika. Alichuchumaa mbele ya ndoo, akasema, "Mama ananifia mara ya pili," kisha akaingia ndani. Hapo ndipo hasira ya Abdulhamid ilipozidi. Bora angegombezwa.

Kazini kila kitu kilimuudhi. Alikuwa anamtengenezea Hyasinta, muuza maua wa karibu na Mnazi Mmoja, vyombo vya kupandia kutokana na skrepa: nusu pipa, karai bovu, ngoma ya mashine ya kufulia, matundu yake yote ameyaziba. Maofisa wa kule Posta mjini walivigombania. Hyasinta alipofika kuchukua mzigo, alimkuta anagonga karai kama analidai.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba."

"Mbona umenuna hivyo?"

"Mwasumini wa mke wangu unakufa. Asubuhi maji, jioni maji, sijui unataka nini tena!"

"Chini umetoboa?"

"Nitoboe nini?"

"Ndoo, fundi."

Abdulhamid alicheka kwa uchungu. "We Hyasinta, watu wananiletea vilivyotoboka niwazibie, leo nitoboe kizima? Umechukua vyombo vyangu mwaka mzima. Kuna hata kimoja kilichovuja?"

Hyasinta alitazama banda la pili, la Elisaria mchomeleaji. Elisaria akainama, akaanza kufuta drili yake ambayo haikuwa na vumbi.

"Vyote vinavuja," Hyasinta alisema taratibu. "Nikitoka hapa napita kwa Elisaria, anavipiga matundu matano matano. Tulijua ungechukia, ndiyo maana tulinyamaza. Mizizi ikikaa kwenye maji inaoza, fundi wangu."

Mwaka mzima! Hatua kumi kutoka pale alipokaa! Alitaka kutukana, akaliacha tusi, maana aliyakumbuka yale matundu matatu. Akachukua nyundo na msumari, akaondoka bila kuaga.

Nyumbani alimkuta Ummy kibarazani anachambua mchele. Akailaza ndoo ubavu. Mabaka matatu ya lehemu yaling'aa chini yake, laini, hata kucha haikwami. Kazi safi, jamani, kazi safi kabisa! Alitamani kulia.

"Unafanya nini?" Ummy aliuliza.

"Niliyaziba matundu. Nikidhani ni kutu. Niliona aibu watu waone ndoo yangu inavuja."

Ummy aliweka ungo chini. Abdulhamid akasubiri matusi kwa hamu.

"Kutu gani?" Ummy alisema. "Mama aliyatoboa mwenyewe, kwa msumari. Mimi ndiye niliyemshikia ndoo."

Abdulhamid akashika nyundo na msumari. Akamsogezea ndoo. Ummy akaishika kwa mikono miwili, mumewe akagonga mara tatu, akiitoboa kazi yake mwenyewe. Maji meusi yenye harufu mbaya yakawamwagikia miguuni. Ummy akakwangua gome la shina kwa ukucha. Karibu na udongo palikuwa na kijani, kidogo sana.

Wakaisimamisha ndoo. Maji yakaendelea kutoka chini, yakafuata kibaraza mpaka mlangoni kwa Mama Matilda.

"Baba Nasma!" jirani alipiga kelele. "Ndoo yako inavuja!"

Abdulhamid akaweka nyundo chini.

"Ndiyo," alisema. "Inavuja."